BAADA YA KURA: Adabu ya Shura na Funzo la Kura za Maoni za Kenya, 2005 na 2010

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Swahaba zake na kila aliyefuata mwendo wao kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu Waislamu, mlango wa shura ni mlango mpana katika vitabu vya fiqhi na siasa ya sharia. Wanafunzi wetu wanasoma nani anafaa kushauriwa, jambo gani linashauriwa na lipi halishauriwi kwa kuwa lina nassi, na kama kiongozi analazimika kufuata rai ya walio wengi au hapana. Mara nyingi darsa huishia hapo. Lakini kuna sehemu ya pili ya mlango huu, nayo ndiyo inayowashinda watu: uamuzi ukishapita, aliyeshinda afanye nini, na aliyeshindwa afanye nini? Kwani kushauriana kabla ya jambo ni kwepesi kuliko kuishi pamoja baada yake.

Katika makala haya tutaiangalia sehemu hiyo ya pili kwa mfano wa nchi ya Kenya, ambayo ilipiga kura ya maoni juu ya katiba mara mbili katika muda wa miaka mitano, mwaka 2005 na mwaka 2010. Tumeuchagua mfano huu kwa sababu mbili. Kwanza, katika kura zote mbili Mahakama ya Kadhi ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyobishaniwa sana. Pili, yaliyotokea baada ya kura ya kwanza yaliiacha nchi nzima na jeraha, na humo mna mazingatio kwa mwenye kuzingatia.

MAHAKAMA YA KADHI ILITOKA WAPI

Wapo waliodhani, na wapo wanaodhani hadi leo, kwamba Mahakama ya Kadhi ni zawadi waliyopewa Waislamu wa Kenya na wanasiasa wa zama hizi. Historia inasema vingine. Makadhi walikuwa wakihukumu katika miji ya mwambao, Lamu, Mombasa, Malindi na mingineyo, kabla Mwingereza hajatia mguu. Tarehe 14 Disemba 1895 Sultani wa Zanzibar, Sayyid Hamad bin Thuwaini, alifunga mkataba na Uingereza ambao kwao utawala wa ukanda wa pwani wa maili kumi ulitiwa mikononi mwa Waingereza, huku ukanda ukibaki kuwa wa Sultani kwa jina. Mfumo wa maliwali, mamudiri na makadhi ukaendelea chini ya utawala huo.

Ulipokaribia uhuru, lilizuka suala la hatima ya ukanda ule. Watu wa pwani wengine walitaka ujitenge, wengine walitaka uungane na Kenya. Mnamo Oktoba 1963 Waziri Mkuu wa Kenya, Jomo Kenyatta, na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, walibadilishana barua, na Sultani akaachia madai yake juu ya ukanda. Miongoni mwa yaliyoahidiwa katika barua hizo ni kwamba Waislamu watahifadhiwa uhuru wa dini yao na kwamba mamlaka ya Kadhi Mkuu na makadhi wengine yatabakia katika mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Ahadi hiyo ndiyo iliyoingia katika katiba ya uhuru na baadaye kukaa katika kifungu cha 66. Sheria ya Mahakama za Kadhi ya mwaka 1967 ikaja kufafanua utendaji wake.

Kwa hiyo asili ya jambo hili ni ahadi. Kwetu sisi Waislamu, neno ahadi si jepesi. Katika aya ya kwanza ya Suuratul Maaida walioamini wanaamrishwa kutimiza mikataba, na katika Suuratul Israa aya ya 34 tunaambiwa kuwa ahadi itaulizwa. Masheikh wakubwa walikikalia kiti hicho cha Kadhi Mkuu, wakiwemo Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyefariki mwaka 1947, na Sheikh Abdullah Saleh Farsy, aliyefariki mwaka 1982. Walikichukua kuwa ni amana.

NDIZI NA CHUNGWA

Kazi ya kuandika katiba mpya ilipoanza, Tume ya Kurekebisha Katiba iliyoongozwa na Profesa Yash Pal Ghai ilizunguka nchi ikikusanya maoni. Rasimu yake ya mwaka 2002 ilipendekeza kuupanua muundo wa Mahakama za Kadhi hadi ngazi ya rufaa. Hapo ndipo viongozi wengi wa makanisa walipopinga. Hoja yao ilikuwa kwamba dola isiyo na dini haifai kuitambua mahakama ya dini moja, na wengine wakahofia kwamba huo ni mwanzo wa kuitawaza sharia juu ya nchi nzima. Mjadala ukawa mkali katika mkutano wa kitaifa wa Bomas, uliomalizika Machi 2004.

Rasimu ya Bomas haikupelekwa kwa wananchi kama ilivyokuwa. Serikali iliifanyia mabadiliko, na mwezi wa Agosti 2005 Mwanasheria Mkuu, Amos Wako, alichapisha rasimu iliyokuja kujulikana kwa jina lake. Katika suala letu, rasimu hiyo ilijaribu kuwaridhisha watu wote: iliweka mlango wa mahakama za kidini, ukaziweka Mahakama za Kadhi bega kwa bega na mahakama za Kikristo na za Kihindu, ambazo wenyewe hawakuwa nazo wala hawakuziomba. Wakristo wengi hawakuridhika, na Waislamu wengi pia hawakuridhika, kwani waliona haki iliyosimama juu ya mkataba wa kihistoria imegeuzwa kuwa pambo la kupimiana mizani.

Tume ya Uchaguzi, iliyoongozwa na Samuel Kivuitu, ilitoa alama mbili ili asiyejua kusoma apate kupiga kura: ndizi kwa anayekubali, chungwa kwa anayekataa. Rais Mwai Kibaki aliongoza kambi ya Ndizi. Baadhi ya mawaziri wake mwenyewe, akiwemo Raila Odinga na Kalonzo Musyoka, waliongoza kambi ya Chungwa. Rasimu ilikuwa ndefu na wachache walioisoma. Kampeni zikaacha vifungu vya katiba, zikashika nani anampenda nani na kabila gani liko upande gani. Watu walipoteza maisha katika vurugu za kampeni, na Kisumu ni mmoja wa miji iliyoshuhudia hayo.

Kura ilipigwa tarehe 21 Novemba 2005. Waliokataa walikuwa takriban asilimia 58 na waliokubali takriban asilimia 42. Mkoa wa Kati, alikotoka Rais, ulikubali kwa wingi mkubwa. Pwani na Kaskazini Mashariki, kwenye Waislamu wengi, zilikataa kwa wingi. Ramani ya kura ikafanana na ramani ya makabila.

SIKU MBILI BAADAYE

Tuseme haki kwa kila mtu. Rais Kibaki alijitokeza siku iliyofuata akakubali kwamba wananchi wameamua. Hilo ni jema, na si kila mtawala hulifanya. Lakini tarehe 23 Novemba 2005 alilivunja Baraza lote la Mawaziri, akabaki na Makamu wa Rais, Moody Awori, na Mwanasheria Mkuu tu. Alipotangaza baraza jipya tarehe 7 Disemba, mawaziri waliompinga katika kura walikuwa nje, akiwemo Najib Balala wa Mombasa. Baadhi ya walioteuliwa mahali pao walikataa vyeo hivyo hadharani.

Kwa upande wa pili, walioshinda nao hawakurudi nyumbani. Waliligeuza chungwa kuwa chama cha siasa, wakadai uchaguzi mkuu ufanywe haraka. Suala la katiba, ambalo ndilo watu waliloitiwa kura, likawekwa kando. Nchi ikaenda hadi uchaguzi wa Disemba 2007 ikiwa imegawanyika kwa mistari ile ile iliyochorwa mwaka 2005.

Waislamu hawakuepukana na moto huo. Mwezi wa Agosti 2007 Raila Odinga alitia saini makubaliano na jukwaa la viongozi wa Kiislamu, na habari hiyo ilipoenea kabla ya uchaguzi, kila mmoja aliisimulia atakavyo, na zikaenea nakala zenye maneno ya kutisha. Viongozi wetu wenyewe wakagawanyika, kundi moja huku na kundi moja kule.

Yaliyotokea baada ya matokeo ya uchaguzi huo dunia nzima inayajua. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133, na mamia ya maelfu ya watu walihama makwao. Hadi tarehe 28 Februari 2008, kwa upatanishi wa Kofi Annan, ndipo Kibaki na Raila walipotia saini mapatano. Hatusemi kwamba kura ya 2005 peke yake ndiyo iliyoua. Dhuluma za ardhi, ukabila na kuvurugwa kwa hesabu za kura zina historia zao. Tunasema kwamba nafasi ya kuutibu mgawanyiko ilipatikana mapema, wiki ile ile baada ya kura, nayo ikapotea.

SHURA YA UHUD NA YALIYOFUATA

Sasa tuirejee sira. Mwezi wa Shawwal, mwaka wa 3 Hijria, Makuraishi walikuja kuishambulia Madina. Mtume (S.A.W.) akawashauri watu wake. Rai yake mwenyewe ilikuwa kubaki ndani ya mji. Abdullah bin Ubayy naye alikuwa na rai hiyo hiyo. Lakini wengi, hasa vijana ambao hawakuhudhuria Badr, walitaka kutoka kumkabili adui. Mtume (S.A.W.) akaifuata rai yao, akaingia nyumbani, akavaa deraya. Walipoona hivyo walijuta kwamba huenda wamemlazimisha, wakataka kurudisha maneno yao. Hakurudi nyuma, kwa kuwa jambo lilikwisha kukatwa.

Zingatia, ewe mwanafunzi, makundi yaliyopatikana kutokana na shura hii moja.

La kwanza ni kundi la Ibn Ubayy. Rai yake ilishindwa, na jeshi lilipokuwa njiani akageuka na watu wapatao mia tatu, karibu theluthi ya jeshi, akasema kwa nini wajiue kwa rai ya vijana. Rai yenyewe haikuwa na kosa, ilikuwa ndiyo rai ya Mtume (S.A.W.). Kosa lilikuwa kuivunja jamaa kwa sababu yeye hakusikilizwa.

La pili ni wale waliokaa nyuma kisha wakasema juu ya ndugu zao waliouawa kwamba lau wangewatii wasingeuawa. Mwenyezi Mungu amelitaja neno lao katika Suura ya Aal-Imraan, aya ya 168, na akawajibu waziondoshee nafsi zao mauti ikiwa wanasema kweli. Hawa ndio wanaofurahia msiba kwa kuwa unathibitisha kwamba wao walikuwa na haki. Kila baada ya kura ya maoni watu wa namna hii hawakosekani: nchi ikitetereka, badala ya kusaidia, wanakumbusha kwamba wao walisema.

La tatu ni wale wenye rai iliyofuatwa. Uhud ilileta msiba, Waislamu sabini waliuawa, akiwemo Hamza (R.A.), ammi yake Mtume. Sababu ya msiba huo ni wapiga mishale kuacha mahali walipowekwa, wala haikuwa shura yenyewe. Lakini binadamu wa kawaida angesema: nyinyi ndio mliotutoa mjini, kuanzia leo sitawauliza tena. Je, Mtume (S.A.W.) alielekezwa kufanya nini? Aya ya 159 ya suura hiyo hiyo, iliyoteremka kuhusu tukio hilo, inamwelekeza mambo matatu kwa mpangilio: awasamehe, awaombee maghfira, kisha awashauri katika mambo.

Hapa pana fiqhi nzito. Amri mashuhuri kabisa ya shura katika Qur-ani ilikuja baada ya uamuzi wa shura uliofuatiwa na msiba. Na haikuja peke yake; imetanguliwa na msamaha. Wafasiri wametaja kwamba mpangilio huu una hekima: mtu ambaye moyo haujamsamehe hawezi kumshauri kwa dhati, kwani masikio yatasikia na kifua kitakataa. Kiongozi anayemfukuza kila aliyetofautiana naye amejinyima shura ya kesho, kwa sababu waliobaki wameona kwamba kusema kweli kuna gharama.

Hatumlinganishi mtu yeyote na Mtume (S.A.W.), na dola ya leo ina taratibu zake, waziri akiipinga serikali yake hadharani, kanuni za siasa zinamtaka ajiuzulu. Tunachochukua ni mwendo. Mwaka 2005 Kenya waliopewa uongozi hawakusamehe, na walioshinda kura hawakusaidia. Akakosekana wa kuanza shura mpya.

KURA YA PILI

Baada ya mapatano ya 2008 iliundwa Kamati ya Wataalamu chini ya uenyekiti wa wakili Nzamba Kitonga. Kamati ilichapisha rasimu Novemba 2009, na baada ya marekebisho ikaenda kwa wananchi. Safari hii Kibaki na Raila walisimama pamoja upande wa kijani, yaani Ndiyo. Upande mwekundu wa Hapana uliongozwa na William Ruto, pamoja na rais mstaafu Daniel arap Moi na wengi wa viongozi wa makanisa, ambao walitaja mambo mawili makubwa: kifungu kinachohusu utoaji mimba, na Mahakama ya Kadhi.

Kampeni zikiendelea, tarehe 24 Mei 2010 majaji watatu wa Mahakama Kuu mjini Nairobi walitoa hukumu katika kesi iliyofunguliwa na viongozi wa makanisa tangu mwaka 2004. Walisema kuwemo kwa Mahakama za Kadhi katika katiba ya zamani kunagongana na vifungu vyake vingine vya usawa na uhuru wa dini. Waislamu wengi waliumia. Halafu tarehe 13 Juni 2010 miripuko ilitokea katika mkutano wa maombi wa kambi ya Hapana katika bustani ya Uhuru Park, na watu sita wakafa. Ingekuwa rahisi kwa nchi kuwaka tena.

Haikuwaka. Tarehe 4 Agosti 2010 watu walijitokeza kwa wingi mkubwa na kura ikapita kwa salama. Waliokubali walikuwa zaidi ya theluthi mbili, kura milioni 6 na kitu dhidi ya milioni 2.8 hivi. Kambi ya Hapana ilikubali matokeo bila ya kwenda barabarani. Katiba ilitangazwa rasmi tarehe 27 Agosti 2010. Mahakama za Kadhi zimo katika ibara ya 170, na mipaka yake ni ile ile: masuala ya sharia ya Kiislamu katika hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wameridhia kuhukumiwa hapo. Ibara ya 24 nayo inaruhusu vifungu vya usawa kulegezwa kwa kiasi kinachohitajika hasa ili sharia ya Kiislamu itumike mbele ya makadhi katika mambo hayo.

Wengine katika sisi walilalamika kwamba tumepewa kidogo kuliko kilichokuwemo katika rasimu ya 2002. Ni kweli. Lakini mwenye kusoma Sulhu ya Hudaybiyya ya mwaka wa 6 Hijria anajua kwamba Mtume (S.A.W.) alikubali maandishi yasiyokuwa na cheo chake cha utume ndani yake, na Swahaba wakubwa wakaona uzito, kisha ikadhihiri kwamba kheri ilikuwa humo. Hifadhi ya kilicho kikubwa kwa kuachia kidogo ni kanuni inayojulikana.

MASUALA MATATU KWA MAIMAMU NA WANAFUNZI

Suala la kwanza: Je, hukumu ya kadhi aliyewekwa na dola isiyo ya Kiislamu inapita kisharia?

Swali hili liliulizwa sana wakati wa kampeni, wengine wakisema hakuna haja ya kuipigania mahakama ambayo mwenye kuiweka si Mwislamu. Jibu lake liko katika vitabu vyetu. Imamu Izzuddin bin Abdis-Salaam, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafi aliyefariki mwaka 660 Hijria, alizungumzia hali ya makafiri kutawala eneo kubwa kisha wakamweka ukadhi mtu anayesimamia maslaha ya Waislamu. Aliona kwamba lililo dhahiri ni kuzipitisha hukumu zake, ili maslaha ya umma yapatikane na ufisadi mkubwa uepukwe. Wanachuoni wa Hanafi waliokuja baadaye, akiwemo Ibn Abidin, nao wamejuzisha ukadhi katika nchi za namna hiyo.

Na maslaha hayo si ya nadharia. Mwanamke ametelekezwa na mume, hana matumizi, hana talaka, wala mume hajulikani alipo. Katika madhehebu yetu, faskhi yake inapitia kwa kadhi. Msichana hana walii. Walii wake ni mwenye mamlaka, na kadhi ndiye anayekaa mahali hapo. Mayatima wanataka mirathi yao igawiwe kabla ammi hajaila. Kadhi akiondoka, hawa ndio wanaopotea. Wanasiasa watabaki walivyo.

Suala la pili: Je, haki ya wachache inapigiwa kura na walio wengi?

Asili ni kwamba haki iliyosimama juu ya ahadi haiondoshwi kwa wingi wa mikono. Na tuseme hili kwa insafu, kwani nasi tumekuwa wengi katika nchi nyingine. Wanachuoni wetu waliwaachia Mayahudi na Wakristo waliokuwa chini ya dola za Kiislamu wahukumiane katika ndoa na mirathi kwa dini zao, na dola ya Uthmania iliendesha utaratibu huo kwa karne nyingi. Hoja hii ilikuwa na nguvu zaidi kuwaelezea majirani zetu Wakristo kuliko kelele nyingi zilizopigwa: kwamba mahakama hii haimgusi asiyekuwa Mwislamu, na kwamba sisi pia dini yetu inatutaka tuwape wengine mfano wa hiki tunachokiomba.

Lakini ahadi kuwemo ndani ya katiba hakumalizi mjadala. Mwaka 2025 Mahakama ya Juu ya Kenya ilihukumu kwamba watoto waliozaliwa nje ya ndoa wasizuiwe kurithi mali ya baba yao Mwislamu, na ikaifasiri ruhusa ya ibara ya 24 kwa ufinyu. Hilo ni tofauti na walivyokubaliana mafuqahaa wa madhehebu manne katika mtoto asiyethibiti nasabu yake kwa ndoa. Waislamu wana haki ya kulijibu kwa elimu, kwa mawakili na kwa maandishi. Kupiga kura ya Ndiyo mwaka 2010 hakukuwa mwisho wa kazi. Kulifungua mlango wa kazi ya kielimu ambayo inahitaji watu waliosoma fiqhi na sheria za nchi kwa pamoja.

Suala la tatu: Je, imamu afanye nini minbarini wakati wa kura kama hizi?

Imamu ana haki ya kueleza lipi lina maslaha na dini ya watu wake, tena kwa dalili. Hana haki ya kumtoa Mwislamu katika udugu kwa sababu ameweka alama upande mwingine. Mwaka 2005 ndani ya msikiti mmoja walikuwemo wa Ndizi na wa Chungwa, na kila mmoja alikuwa na sababu zake katika jambo la ijtihadi. Aya ya 6 ya Suuratul Hujuraat inatutaka tuzihakikishe habari kabla ya kuzifanyia kazi, na aya ya 11 inakataza watu kudharau watu wengine. Aya hizi hazisimamishwi wakati wa kampeni. Na kwa jirani asiyekuwa Mwislamu ipo aya ya 8 ya Suuratul Maaida, isemayo kwamba kuwachukia watu kusitupeleke kwenye kuacha uadilifu. Aliyempinga Kadhi kwa kutojua anaelezwa. Aliyempinga kwa chuki anajibiwa kwa hoja. Wote wawili ni majirani zetu baada ya kura kama walivyokuwa kabla yake.

HITIMISHO

Tazama jinsi mambo yanavyogeuka. Raila Odinga, aliyeachwa nje ya baraza mwaka 2005, aliapishwa kuwa Waziri Mkuu mwaka 2008 katika serikali ya Kibaki yule yule. William Ruto, aliyeongoza kampeni ya Hapana mwaka 2010, aliapa urais Septemba 2022 kwa katiba ile ile aliyoikataa. Kibaki ametangulia mbele ya haki mwaka 2022 na Raila mwaka 2025. Kilichobaki ni waliofiwa mwaka 2008, waliotengana na majirani zao kwa ajili ya tunda lililochapwa kwenye karatasi.

Mambo haya hayakuishia Kenya, wala kura haitakwisha kupigwa. Basi, ndugu zetu maimamu, mnapofundisha mlango wa shura msiufunge pale hesabu ya mikono inapomalizika. Wafundisheni watu pia aya ya 159 ya Aal-Imraan kwa mpangilio wake: msamaha, maghfira, kisha mashauriano mapya. Na mfundisheni aliyeshindwa asiwe kama Ibn Ubayy, ambaye alikuwa na rai nzuri na akaiharibu kwa kugeuza mgongo.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki kuwa ni haki na aturuzuku kuifuata, azipatanishe nyoyo zetu, awape subira mayatima na wajane wa fitina zile, na awahifadhi makadhi wetu katika uadilifu. Wallaahu aalam.